Hela Wanayobana na Besi Inayopotea

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya maprodyuza, wanamuziki na watu wa lebo waliokutana Dar es Salaam. Wengi mliokosa kufika mmeiomba, nami naiweka yote kama ilivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha. Pale nilipopiga sauti, nimeeleza kwa maneno.

Mwenyekiti, wazee wangu wa muziki wa dansi mliokaa mbele, dada na kaka zangu wa studio, wadau wa lebo: itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Vijana, mambo?

Naanza na swali, na naomba mikono. Nani hapa amewahi kupanda daladala, wimbo alioumiksi mwenyewe ukapigwa, akajiuliza: hivi kweli huu ni ule wangu? Haya, shusheni. Nimeona karibu ukumbi mzima, pamoja na mkono wa meneja mmoja ambaye leo nitamsitiri.

Swali la pili. Kati yenu mlionyoosha, nani alifuatilia? Nani aliulizia wimbo ule umepita mikononi mwa nani tangu siku ulipotoka studio hadi kufika kwenye spika ya daladala? Mnaona mikono ilivyopungua. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Tunagombana sana kuhusu miksi, yaani ule mchanganyiko wa sauti zote za wimbo. Besi imezidi. Vokali imezama. Snea, ile ngoma ya mlio mkali, haina nguvu. Lawama zote anabeba prodyuza, na kweli mara nyingine anastahili. Lakini baina ya miksi na sikio la msikilizaji kuna hatua nyingine kadhaa, na mafundi wa hatua hizo hawatajwi kwenye kava. Sasa niambieni, lebo ikitaka kubana matumizi itaanzia wapi? Haianzii kwa mwimbaji, maana mwimbaji atalalamika hadharani. Haianzii kwenye video, maana video inaonekana. Inaanzia pale pasipo na mtu wa kulalamika. Inaanzia kwenye mkanda, kwenye nakala, kwenye faili. Inaanzia pale ambapo wewe prodyuza umeshalipwa na umeshaondoka.

Wazee wangu hapa mbele wameishi na santuri. Vijana wengine mmeiona kwenye picha tu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo, maana mateso yetu ya leo yalianzia huko.

Sauti kwenye santuri ni mfereji. Sindano inapita ndani yake, mfereji unapinda huku na huku, na kule kupinda ndiko kunakotoa sauti. Besi inapinda sana, kwa hiyo inakula nafasi. Sahani kubwa ya inchi 12 ukiiwekea dakika 18 au 20 kila upande, fundi anayekata mfereji anapumua. Ukimwambia apenyeze dakika 28, afanye nini? Sahani haitanuki. Atapunguza sauti yote, kisha atapunguza besi. Kazi anaijua vizuri, ila amepewa nafasi isiyotosha.

Na bado kuna jambo jingine. Kule ukingoni mwa sahani, sindano inapita kwenye mfereji wa kama sentimita 50 kwa kila sekunde. Ikikaribia karatasi ya katikati, ni kama sentimita 20 tu. Sekunde ni ileile, mfereji haufiki hata nusu. Sauti za juu, yaani matoazi na zile "s" za mwimbaji, zinabanana na kuanza kukwaruza. Ndiyo maana maprodyuza wa zamani walipigania mpangilio wa nyimbo. Wenye kelele ukae mwanzo wa upande, wa taratibu ukae mwisho. Leo kijana anadhani mpangilio wa albamu ni suala la hisia peke yake.

Sasa mhasibu akaingia. Miaka ya 1970, kampuni ya K-tel ilijulikana kwa kurundika nyimbo 20 na zaidi kwenye sahani moja, nyingine zikikatwa ili zienee. Sahani moja badala ya mbili, plastiki nusu, kava moja. Kwenye daftari la hesabu ni akili kubwa. Kwenye spika, nyimbo ambazo kila moja ilimiksiwa kwa siku nyingi zinatoka zote zimekonda kwa namna moja. RCA ya Marekani nayo ilikuwa imeshaanza kutoa sahani nyembamba zinazonyumbuka, ikaziita Dynaflex. Kisha mwaka 1973 ukaja mgogoro wa mafuta. Plastiki ya santuri inatokana na mafuta, kwa hiyo ikaadimika. Viwanda vikasaga sahani ambazo hazikuuzwa na kuzichapa upya, nyingine zikasagwa pamoja na karatasi ya katikati. Fikirieni hilo. Umekaa studio mwezi mzima ukitafuta ukimya safi kati ya noti na noti, halafu ndani ya mfereji mna chembe za karatasi ya msanii mwingine aliyekosa soko!

Na sisi huku? Santuri za bendi zetu nyingi za Tanzania zilichapwa Nairobi, na zilizotamba mitaani ni zile ndogo za bei nafuu, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo wa dansi hauishi kwa dakika tatu, wazee mnajua. Kuna kuimba, kuna kujibizana, kisha linakuja sebene, magitaa yanafunguka na watu wanainuka. Kwenye santuri ndogo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Sauti inafifishwa pale ambapo bendi ndiyo kwanza imepata moto. Mtangazaji asiyegeuza sahani anawanyima wasikilizaji sebene zima. Bendi ilipiga wimbo mmoja kwa pumzi moja, soko likauuza vipande viwili.

Kuna mtu mmoja aliyelijua tatizo hili mapema, naye ni Rudy Van Gelder wa New Jersey. Wapenzi wa jazi wanamjua. Alikuwa daktari wa kupima macho, usiku akirekodi muziki kwenye nyumba ya wazazi wake, hadi baadaye akajenga studio yake Englewood Cliffs. Van Gelder hakuishia kurekodi na kumiksi. Sahani mama ya kuchapia alikuwa akiikata mwenyewe, kisha anagonga alama yake kwenye ile sehemu tupu karibu na karatasi ya katikati. Ina maana kwamba hakuna mtu aliyesimama kati ya miksi yake na mfereji. Lebo ya Blue Note, aliyoifanyia kazi nyingi, iliuzwa katikati ya miaka ya 1960, na matoleo mengi ya baadaye yakakatwa na watu wengine. Hadi leo wanunuzi wa santuri kuukuu wanawasha tochi kutafuta alama ile kabla hawajatoa hela. Muziki ni uleule, wapigaji ni walewale. Wanacholipia ni hatua ya mwisho.

Nasema tena: wanacholipia ni hatua ya mwisho.

Twende kwenye nakala, maana hapa ndipo pana mengi.

Zama za mkanda, studio ilitoa mkanda mmoja wa masta. Huo ndio miksi yenyewe. Lakini kiwandani hupeleki mkanda huo, ukipotea umekwisha. Unatoa nakala. Na ile nakala inayokwenda kwa fundi wa santuri mara nyingi ilishatengenezwa kwa ajili ya santuri: besi imezuiwa, sauti za juu zimerekebishwa, kelele zimebanwa. Kila nakala inaongeza mvumo wake. Nakala ya nakala inavuma zaidi. Nakala ya nakala ya nakala, jamani, hiyo ni mvua ya masika juu ya bati.

Tarehe 1 Oktoba 1982, Japani wakaanza kuuza CD. Lebo zikaona neema: muziki uleule uliokwisha kulipiwa unauzwa mara ya pili, kwa bei ya juu. Haraka haraka, makabati yakafunguliwa. Sasa mtumishi wa ghala kaambiwa leta mkanda wa albamu fulani. Masta halisi uko jiji jingine, pengine bara jingine, na kuutafuta ni siku na nauli. Karibu na mlango kuna nakala iliyotumika kwa santuri. Unadhani alichukua upi?

Ndiyo maana CD nyingi za mwanzo zilisikika kavu na kali masikioni. Watu wakasema dijitali haina roho. Dijitali ya watu inasingiziwa! CD ilikuwa inatoa kwa uaminifu kile ilichopewa, nayo ilipewa mkanda usio wake. Na nyingi kati ya CD hizo zilikuwa na maelezo madogo kwenye kijitabu, kwamba muziki huu ulirekodiwa kwa vifaa vya zamani, na kwamba kwa jinsi CD ilivyo makini inaweza kufichua kasoro za mkanda wa asili. Yaani lebo imeokota nakala iliyo karibu na mlango, halafu inamwambia mnunuzi kwamba kasoro ni za mkanda wa asili. Nilipokisoma kile kijitabu nilicheka peke yangu.

Jimmy Page wa Led Zeppelin, aliyekuwa mpiga gitaa na prodyuza wa albamu zake mwenyewe, hakuridhika na CD za kwanza za bendi yake. Zilitolewa bila kumshirikisha. Mwaka 1990 akaingia studio New York na fundi George Marino, wakaanza upya kutoka kwenye mikanda. Page alikuwa na jina la kumwezesha kudai. Je, prodyuza wa Sinza angedai kwa nani?

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi. Tarehe 2 Machi 1959, New York, studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, wanarekodi albamu iliyokuja kuitwa Kind of Blue. Siku ile mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inakwenda taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa. Hakuna aliyetambua. Sasa mkanda uliorekodiwa kwa mashine ya polepole ukiuchezesha kwenye mashine nzima, muziki unakwenda mbio na noti zote zinapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka hivyo, na dunia nzima ikazizoea hivyo. Wanafunzi wa tarumbeta walikaa nyumbani wakipiga pamoja na santuri, wanajikuta hawalingani nayo, wanadhani masikio yao ni mabovu.

Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1992. Liliwezekanaje? Kwa sababu siku ile ya 1959 ilikuwepo mashine ya pili, imewashwa pembeni, inarekodi kitu kilekile kwa tahadhari tu. Mashine ya pili ilikuwa inakwenda kwa mwendo sahihi. Mkanda wake ukakaa ghalani zaidi ya miaka 30 bila kazi yoyote.

Wadau wa lebo, nawaomba hapa mnisikilize kwa makini. Mleteeni mtu wa kubana matumizi orodha ya gharama za siku ile. Atakata nini kwanza? Mashine ya pili! Inarekodi kitu kilekile, inakula mkanda uleule wa bei, inamweka fundi mwingine kazini. Ni hasara tupu. Na hasara ile ndiyo iliyookoa noti za Miles Davis.

Kinyume chake ni moto wa tarehe 1 Juni 2008, pale Universal Studios, California. Ndani ya jengo moja lililoungua mlikuwa na mikanda ya masta ya Universal Music. Watu wengi hawakuyajua hayo hadi New York Times ilipoandika habari ndefu mwaka 2019. Kampuni ilipinga ukubwa wa hasara uliotajwa, na mabishano yakafika mahakamani. Mimi siingii humo. Ninachouliza ni kimoja: mkanda wenye nakala sawasawa katika jengo jingine, moto ungeuweza? Na sisi tusicheke. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa Redio Tanzania, na kwa baadhi yake mkanda wa redio ndio wa kwanza na wa mwisho.

Sasa nije nyumbani kabisa, Kariakoo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilimiksi albamu ya kijana mmoja wa Bongo Fleva. Wakati huo CD zilikuwa za wenye uwezo, soko lote lilikuwa kaseti. Nikapeleka masta kwa msambazaji mmoja, simtaji kwa jina, na kwa utundu wangu nikaomba nione inavyotolewa nakala. Wengi walikuwa wanakabidhi na kuondoka. Mimi nikapelekwa chumba cha nyuma.

Mle ndani mashine ilikuwa inanakili kwa kasi mara 64. Upande wa dakika 30 unaisha kwa nusu dakika, na pande zote mbili zinanakiliwa kwa pamoja. Tafakarini maana yake kwa sauti. Toazi lako lililo kwenye kilohezi 10, yaani mitetemo elfu kumi kwa sekunde, kwa kasi ile linapita kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachogusa mkanda, likiwa kilohezi 640. Mashine iliyotunzwa na mkanda mzuri vinaweza kulibeba. Mashine ile hedi yake ilikuwa imelika, na niliona kwa macho ilivyokaa upande. Hedi ikiinama hata kidogo, wa kwanza kupotea ni ung'avu wa juu.

Nikachukua kaseti moja tupu, nikaichungulia. Kaseti nzuri ina kijitambaa kidogo kilichobandikwa juu ya springi ya chuma, kazi yake ni kuukandamiza mkanda kwenye hedi ya redio yako. Hii ilikuwa na kipande cha sponji. Springi hakuna. Sponji ikikaa kwenye gari juani inakakamaa, inaanguka, na wimbo unaanza kusikika kama mwimbaji kaingia chooni kafunga mlango. Ganda limegundishwa, halina skurubu, kwa hiyo huwezi hata kulifungua urekebishe. Na mkanda wenyewe ulikuwa umepunguzwa urefu. Wimbo wa mwisho upande wa pili uliombwa ufifishwe mapema ili utoshe.

Nikamwambia msambazaji, "Mzee, tupunguze kasi iwe mara 32, na tubadilishe mkanda. Tofauti si kubwa kwa kaseti moja."

Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Bwana mdogo, kaseti inauzwa na picha ya nje."

Nawauliza, alikosea? Kwa siku ile hakukosea. Albamu iliuzika. Lakini sikilizeni kilichofuata. Haikupita muda, kaseti za wizi zikajaa mitaani, kwa bei pungufu. Nikanunua moja, nikaiweka na ile halali, nikazisikiliza kwa zamu. Karibu zililingana! Mwizi alikuwa na mkanda wa bei rahisi na mashine chakavu. Mwenye haki alikuwa na mkanda wa bei rahisi na mashine chakavu. Sasa mteja kwa nini aongeze hela? Msambazaji alikuwa na kitu kimoja tu ambacho mwizi asingeweza kukipata, nacho ni masta. Sauti iliyomo kwenye masta ndiyo ilikuwa silaha yake dhidi ya mwizi, akaitupa mwenyewe ili aokoe shilingi chache kwenye kila kaseti. Halafu tukakaa mikutanoni miaka na miaka tukilia na maharamia. Maharamia walitukuta tumeshawarahisishia kazi.

Vijana mtasema, hayo ni ya kaseti, yamepita. Yamepita? Haya, tuje kwenye simu.

Hapa nilipiga wimbo mmoja wa hivi karibuni mara mbili, kwanza kutoka kwenye faili niliyoitoa studio, kisha kutoka mtandaoni unakouzwa. Ukumbi uliguna. Kwenye ule wa pili matoazi yamekuwa kama mchanga, na mwangwi nyuma ya vokali umeliwa. Nikafungua programu inayoonyesha masafa: juu ya kilohezi 16 hakuna kitu, pamekatwa wima kama ukuta. Ukuta wa namna hiyo fundi yeyote anautambua. Ni alama ya MP3 ya kilobiti 128, faili iliyopunguzwa sauti ili iwe ndogo.

Nilikuwa nimewapa lebo WAV ya biti 24, faili kubwa yenye sauti yote. Sasa MP3 ilitoka wapi? Nikafuatilia, hatua kwa hatua. Wimbo wa dakika nne kwa WAV ile ni kama megabaiti 60. Kwa MP3 haufiki megabaiti 4. Kijana wa ofisini anatumia bando lake mwenyewe, lebo haimnunulii. Akatuma ile ndogo kwa WhatsApp kwenda kwa mtu wa kupandisha nyimbo. Huko msambazaji wa mtandaoni anataka WAV, MP3 haipokei. Yule mtu akafanya nini? Akaigeuza MP3 kuwa WAV. Jina limebadilika, kilichokatwa hakikurudi. Kisha mitandao yenyewe inaibana tena kwa njia yake. Aliyebanwa amebanwa mara mbili, na chanzo ni bando.

Lebo ileile, mwezi uleule, ilipeleka watu Afrika Kusini kupiga video. Sisemi video ni mbaya. Nasema bando! Na tena huyo wa video alipewa MP3 ileile, kwa hiyo hata kwenye video ya mamilioni sauti ni ya megabaiti 4.

Kuna miito ya simu pia, ule wimbo anaousikia anayekupigia. Hapa nyumbani ina hela nzuri, kwa hiyo haifai kuipuuza. Simu ya kawaida inapitisha masafa kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,400. Kiki yako, ile ngoma nzito ya chini, inakaa hezi 50, 60, 80. Haipiti. Laini ya besi nayo kwa sehemu kubwa haipiti. Mtu wa singeli, biti yako nzima imebaki mlangoni! Dawa yake ipo na si ngumu: unatengeneza miksi fupi ya mwito, unaipa besi rangi ya juu ili isikike kwenye spika ndogo, unasogeza vokali mbele, unapunguza ule msukumo wa limita, chombo kinachobana sauti isipite kiwango. Ni kazi ya jioni moja. Nani kati yenu amewahi kulipwa jioni hiyo? Masta mmoja wa klabu unatumika klabu, redio, televisheni, mtandaoni na kwenye mwito wa simu, kwa sababu masta mmoja unalipiwa mara moja. Siku hizi hata huo mmoja unapelekwa kwenye programu inayomasta bila fundi, yaani inayouweka wimbo sawa kwa mara ya mwisho. Sizikatai programu hizo, kwa demo zinafaa sana. Tatizo langu ni kwamba programu haitakupigia simu kukuuliza kama mlio ule sekunde ya 40 ulikusudia au ni kasoro.

Tusidhani ni umaskini wetu peke yetu. Juni 2021 Apple Music walipoanza kutoa muziki wa Dolby Atmos, ule wa kuzunguka kichwa, lebo kubwa zikakimbilia kugeuza albamu za zamani kwa wingi. Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyewaprodyuzia Beatles, alisema wazi mwaka huohuo kwamba hata miksi ya Atmos ya albamu yao Sgt. Pepper, ambayo ni kazi yake mwenyewe, haisikiki sawasawa, na kwamba angeirudia. Beatles hao! Sasa zile albamu zilizogeuzwa na watu ambao hawakuwahi kumuuliza prodyuza wa mwanzo, zikoje?

Nisiwaonee watu wa lebo. Nimekaa upande wao pia wa meza, najua wasanii wangapi wanachukua hela ya utangulizi na hawarudishi hata nusu. Kubana lazima kuwepo. Punguzeni picha za kava, mimi sitasema neno. Rekodini gitaa kwenye chumba cha kulala, kama fundi anajua kazi haitasikika. Hata saa za studio zinapunguzika, bendi ikifanya mazoezi kwanza. Ninachopinga ni kubana baada ya miksi, maana kule shilingi moja uliyookoa inagusa kila nakala itakayotoka, na hakuna wa kuisahihisha.

Kwa hiyo maprodyuza, nazungumza nanyi sasa. Wengi wenu mkataba wenu unasema bei na tarehe, basi. Ongezeni kipengele. Andikeni kwamba kazi inakabidhiwa kwa WAV ya biti 24 na inapandishwa kwa faili hiyohiyo, si nyingine. Andikeni kwamba mtasikia toleo la mwisho kabla halijatoka, na mna siku tatu za kujibu. Miksi ya mwito na miksi isiyo na sauti ya mwimbaji zitajwe kwa bei yake, hata kama ni ndogo, ili siku zikihitajika asitokee mtu wa kuzikata kwa mkono kutoka kwenye masta. Nakala mbili zitunzwe sehemu mbili tofauti, moja kwako. Na wakibadilisha bila kukuambia, una haki ya kuondoa jina lako.

Hicho cha mwisho mtaona watu wa lebo wanakitazama kwa wasiwasi. Nimewahi kukitumia mara moja. Simu ya meneja ililia kabla sijafika nyumbani, na wimbo ukarudishwa ulivyokuwa.

Nakala za kipengele hicho zipo mezani pale mlangoni, kwa Kiswahili chepesi, chukueni mkawaonyeshe wanasheria wenu. Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, lakini namwona kaka yetu wa lebo ameshika kalamu tangu nilipotaja bando. Naomba apewe kipaza sauti, atuambie kwake faili inapita kwa nani.